Jimmie Rodgers: Kibarua wa Reli Aliyekuwa Baba wa Muziki wa Kantri

Katika historia ya muziki wa kantri wa Marekani, jina linalotajwa mwanzo ni la Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka jimbo la Mississippi aliyeacha kazi ya breki za garimoshi kwa sababu ya maradhi, akashika gitaa na kuwa mwimbaji aliyeigwa kuliko wote wa kizazi chake. Alirekodi kwa muda usiotimia miaka sita, kuanzia Agosti 1927 hadi Mei 1933. Katika muda huo aliacha nyimbo zaidi ya 100, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 35.

Rodgers hakusoma muziki shuleni, hakujua kuandika noti, na hakuwa na mfadhili aliyemtangulia mlangoni. Tangu siku aliyoanza kurekodi alijua kwamba anaugua kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo hayakuwa na dawa. Safari yake ya muziki ilikuwa mashindano kati ya kazi iliyomlisha na mwili uliokuwa ukimwishia.

Utoto kando ya reli

James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, akakulia Meridian na vitongoji vyake, mji wa mashariki mwa Mississippi uliokutanisha njia kadhaa za reli. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa nyapara wa genge la matengenezo ya reli, kazi iliyomweka mbali na nyumbani kwa siku nyingi. Mama yake, Eliza, alifariki mtoto huyo akiwa bado mdogo. Kuanzia hapo Jimmie alilelewa kwa kuhamishwa huku na huko, mara kwa ndugu, mara kwa baba yake kandokando ya reli. Elimu yake ya darasani ilikuwa ya kudokoadokoa.

Akiwa na umri wa miaka 12 au 13 hivi alishinda shindano la vipaji mjini Meridian. Ushindi huo ulimpanda kichwani. Aliandaa onyesho lake mwenyewe la kusafiri na kwa ajili hiyo akachukua turubai dukani kwa jina la baba yake bila kumwarifu. Onyesho halikudumu, naye akajiunga na msafara wa wauza dawa, wale waliozunguka miji midogo wakikusanya watu kwa nyimbo na vichekesho kabla ya kuwauzia chupa za dawa za kila ugonjwa. Baba yake alimfuata, akamrejesha na kumpa kazi ya kubeba maji ya kunywa kwa vibarua wa reli.

Adhabu hiyo iligeuka chuo. Magenge yaliyonyoosha reli na kubadilisha mataruma kusini mwa Marekani yalikuwa na vibarua wengi Weusi, na kazi yao iliendeshwa kwa wimbo. Kiongozi alitoa mstari, wenzake wakaitikia, na vyuma vikasukumwa kwa pamoja kwa pigo la mwitikio. Mtu yeyote aliyewahi kuwaona wavuvi wa pwani wakivuta jarife au vibarua wakisukuma gogo anaufahamu utaratibu huo. Wakati wa mapumziko, vibarua hao walimfundisha kijana yule kupiga banjo na gitaa. Hapo ndipo alipoijua bluzi, muziki wa Weusi wa kusini, ambamo mwimbaji hutamka mstari, huurudia, kisha huujibu kwa mstari wa tatu.

Huo ulikuwa wakati wa sheria za ubaguzi wa rangi. Mzungu na Mweusi hawakuruhusiwa kuketi pamoja katika behewa moja la abiria, lakini katika kazi ya reli walikunywa maji kutoka ndoo moja iliyobebwa na mtoto mmoja. Majina ya walimu hao wa kwanza wa Rodgers hayakuwahi kuandikwa kwenye sahani yoyote ya santuri.

Kazi, ndoa na maradhi

Kutoka kubeba maji, Rodgers alipanda hadi kuwa mshika breki. Alihudumu kwenye reli ya New Orleans and Northeastern, iliyounganisha Meridian na bandari ya New Orleans. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Mshika breki wa treni za mizigo alipanda juu ya mabehewa, mvua inyeshe au jua liwake, alikagua viungio na kuelekeza treni kwa kandili usiku. Moshi na vumbi la makaa ya mawe vilikuwa hewa yake ya kila siku.

Ndoa yake ya kwanza, aliyofunga mwaka 1917, ilivunjika mapema. Mwezi Aprili 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mchungaji wa Kimethodisti wa Meridian. Walijaliwa binti, Anita, mwaka 1921. Binti wa pili, June, alifariki mwaka 1923 akiwa bado mchanga. Wakati huo ajira ya reli ilikuwa ya kubahatisha, na baba huyo alikuwa akihangaika kutafuta kibarua mbali na nyumbani.

Mwaka 1924 alianza kutapika damu, na madaktari wakathibitisha kifua kikuu. Ushauri wa tiba wa zama hizo ulikuwa mfupi: apumzike, ale vizuri, atafute hewa kavu. Streptomisini, dawa ya kwanza iliyofanya kazi dhidi ya vimelea vya ugonjwa huo, ilikuja kugunduliwa mwaka 1943. Leo mgonjwa anayewahi hospitali na kumeza dawa kikamilifu kwa takribani miezi sita hupona. Kwa Rodgers, kupumzika kulimaanisha familia kulala njaa.

Aliendelea kufanya kazi za reli kila alipopata nguvu, akahamia Florida, kisha Tucson katika jimbo la Arizona, ambako hewa ni kavu. Katikati ya vibarua hivyo alirudi kwenye maonyesho ya kusafiri. Katika baadhi yake alipaka uso masizi na kuigiza Weusi, kama ilivyokuwa desturi ya waburudishaji Wazungu wa nyakati hizo. Ni sehemu isiyopendeza ya maisha yake, maana watu waliokejeliwa jukwaani ndio waliokuwa wamempa muziki wake.

Kufikia mapema mwaka 1927 mwili wake haukuweza tena kazi ya reli. Gitaa ndilo lililobaki.

Ghorofani mjini Bristol

Mwaka huo Rodgers alihamia Asheville, mji wa milimani katika jimbo la North Carolina. Kituo kipya cha redio cha mji huo, WWNC, kilikuwa kikitafuta waburudishaji, naye akasikika hewani kwa mara ya kwanza mwezi Aprili. Baadaye aliungana na vijana wa kundi la Tenneva Ramblers kutoka Bristol, wakapiga pamoja redioni na katika hoteli za mapumziko. Kipindi chao hakikudumu.

Ni kupitia vijana hao ndipo ilipofahamika kwamba kampuni ya Victor imempeleka Bristol mtaalamu wa kurekodi. Mtu huyo alikuwa Ralph Peer. Bristol ni mji ulio mpakani, na barabara yake kuu, State Street, ndiyo inayotenganisha majimbo ya Tennessee na Virginia. Katika jengo la biashara ya kofia kwenye barabara hiyo, Peer alifunga mitambo yake na kurekodi kuanzia tarehe 25 Julai hadi 5 Agosti 1927. Katika siku hizo zilirekodiwa nyimbo 76 za waimbaji na vikundi 19, likiwemo kundi la Carter Family, ambalo nalo lilikuja kuwa nguzo ya muziki wa kantri.

Mitambo ya Peer ilikuwa na jambo jipya. Hadi mwaka 1925 mwimbaji alilazimika kupaza sauti mbele ya baragumu kubwa ili mtetemo uchore sahani. Kinasa sauti cha umeme kilibadilisha hali hiyo. Sasa mwimbaji wa sauti laini, anayesimulia kana kwamba ameketi sebuleni, aliweza kusikika vizuri. Mgonjwa wa mapafu asiyeweza kupiga kelele hakuwa tena amefungiwa mlango.

Siku moja kabla ya zamu yao, Rodgers na wenzake waligombana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye sahani. Kundi likavunjika. Peer aliamua kuwarekodi kando, na tarehe 4 Agosti 1927 Rodgers alisimama mbele ya kinasa sauti akiwa peke yake na gitaa lake. Alirekodi nyimbo mbili, mmoja wa majonzi ya vita na mwingine wa kubembeleza mtoto, akalipwa dola 100.

Kama kundi lisingevunjika, huenda angebaki sauti moja kati ya nyingi. Ugomvi ule ulimwacha uchi mbele ya mashine, na ndivyo Victor ilivyogundua kwamba sauti moja na gitaa moja vinatosha.

Safari isiyo na mwaliko

Sahani ya kwanza ilitoka mwezi Oktoba na ikauzwa kwa kiasi cha kawaida tu. Msanii mwingine angesubiri barua. Rodgers hakuwa na muda wa kusubiri. Mwishoni mwa Novemba 1927 alisafiri hadi New York bila kuitwa na mtu, akapanga hotelini, kisha akampigia Peer simu na kumjulisha kwamba yuko tayari kurekodi tena. Peer alikubali.

Tarehe 30 Novemba 1927, katika studio ya Victor mjini Camden, jimbo la New Jersey, alirekodi nyimbo nne. Mmoja wao ulipewa jina la Blue Yodel. Ulipotoka mapema mwaka 1928 uliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala, na kibarua aliyekosa kodi ya nyumba akawa mwimbaji anayetafutwa na kila mmiliki wa ukumbi wa kusini.

Kilichowavuta wasikilizaji ni mchanganyiko ambao haukuwa umesikika hivyo kabla. Mistari ilikuwa ya bluzi ya vibarua Weusi. Kati ya ubeti na ubeti alipenyeza yodeli, mtindo wa kuirusha sauti ghafla kutoka nzito kwenda nyembamba na kuirejesha, unaohusishwa na wachungaji wa milima ya Alpi barani Ulaya. Hakuwa Mmarekani wa kwanza kuimba yodeli kwenye sahani, kwani Riley Puckett wa Georgia alikwisha kufanya hivyo mwaka 1924. Tofauti ni kwamba wengine waliitumia kama pambo la kuchekesha, na Rodgers aliifanya kilio, mluzi wa garimoshi unaosikika mbali usiku. Nyimbo za mfululizo huo zilifika 13.

Kutunga kwa kulazimika

Sehemu muhimu ya maisha ya Rodgers, ambayo wasanii wa leo wanaweza kuipima na hali zao, ni namna alivyokuwa mtunzi. Peer alikuwa amekubaliana na Victor kwamba mapato yake makuu yatatokana na hakimiliki za nyimbo anazorekodi. Wimbo wa zamani usio na mwenyewe, au wimbo ambao tayari una mmiliki, haukumfaa. Alihitaji nyimbo mpya, zinazoweza kusajiliwa na kulipiwa mirabaha kila sahani inapouzwa. Mfumo huo ulimtajirisha Peer kuliko wasanii wake, lakini pia uliwapa wasanii sababu ya kutunga na sehemu ya mapato ya walichotunga.

Rodgers alikuwa na hazina ya beti za mitaani na za relini, lakini hazikutosha kujaza sahani mpya kila baada ya miezi michache. Msaada mkubwa ulitoka nyumbani. Shemeji yake, Elsie McWilliams, dada wa Carrie, alijua piano na noti. Mwaka 1928 alianza kutunga naye, na wakati mwingine kumtungia. Kwa kuwa Rodgers hakusoma noti, Elsie alimwimbia wimbo hadi aushike. Alishiriki katika nyimbo zaidi ya 30, ingawa si zote zilizobeba jina lake.

Umaarufu, ukarimu na deni

Kati ya mwaka 1928 na 1930 Rodgers alikuwa katika kilele chake. Mwaka 1929 alionekana katika filamu fupi ya sauti akiwa amevaa mavazi ya mshika breki, na mwaka huo huo akajenga nyumba ya fahari Kerrville, Texas, mji ulioaminika kuwa na hewa inayofaa wagonjwa wa kifua. Alinunua magari na magitaa ya thamani, na alikuwa mwepesi wa kutoa. Fedha ziliingia kwa mkono mmoja na kutoka kwa mwingine.

Tarehe 16 Julai 1930, mjini Los Angeles, alirekodi wimbo wa tisa katika mfululizo wa Blue Yodel akisindikizwa na tarumbeta ya Louis Armstrong na piano ya Lil Hardin Armstrong, wanamuziki Weusi waliokwisha kuwa magwiji wa jazi. Majina yao hayakuchapwa kwenye sahani hiyo. Kwa sikio, hata hivyo, deni la kantri kwa muziki wa Weusi linasikika waziwazi.

Mapema mwaka 1931, ukame na Mdororo Mkuu wa Uchumi vilipowatesa wakulima wa kusini, alizunguka pamoja na mchekeshaji mashuhuri Will Rogers kuchangisha fedha za misaada ya Msalaba Mwekundu. Mwezi Januari mwaka huo alirekodi T.B. Blues, wimbo kuhusu ugonjwa wake mwenyewe, aliouandaa pamoja na mtunzi aliyekuwa akitumikia kifungo katika gereza la Texas. Wakati huo kifua kikuu kilikuwa aibu ya familia. Watu walikificha, na wagonjwa wakakwepwa. Mwimbaji maarufu kukitaja kwa jina lake mbele ya umma lilikuwa jambo la ujasiri, na wagonjwa wengi walijisikia wametajwa.

Mdororo uliangusha soko la sahani. Gharama za matibabu zikapanda huku mapato yakishuka. Nyumba ya Kerrville iliachwa, na mwaka 1932 familia ikahamia makazi ya kawaida San Antonio. Madaktari walimtaka aache safari. Aliendelea kuimba katika mahema na kumbi ndogo, baadhi ya siku akishindwa kumaliza onyesho.

Siku 12 za mwisho

Mwezi Mei 1933 Rodgers aliwasili New York akiwa na muuguzi. Alitaka kurekodi nyimbo za kutosha kuiachia familia yake mapato. Kuanzia tarehe 17 Mei aliingia studio ya Victor, ambako kiliwekwa kitanda ili ajinyooshe kati ya wimbo na wimbo. Siku nyingine alirekodi, siku nyingine alilala. Tarehe 24 Mei alimaliza wimbo wa mwisho akiwa kama alivyoanza Bristol, peke yake na gitaa.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei damu ilimtoka kwa wingi mapafuni, akafariki katika Hoteli ya Taft. Jeneza lake lilirudishwa Meridian kwa treni. Wakati treni hiyo ikikaribia mji, dereva aliuvuta mluzi kwa sauti ya chini na ndefu, heshima ya watu wa reli kwa mwenzao. Alizikwa katika makaburi ya Oak Grove.

Kutoka Mississippi hadi Kericho

Mwaka 1961 Rodgers alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri, pamoja na Hank Williams na Fred Rose. Mwaka 1978 Posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake. Kizazi cha Gene Autry, Ernest Tubb na Hank Snow kilianza kwa kumwiga.

Lakini alama moja ya umaarufu wake ilibaki Afrika Mashariki. Sahani zake zilifika katika nchi ya Wakipsigis, magharibi mwa Kenya, pamoja na santuri za Waingereza. Wasikilizaji wa huko walilishika jina lake kwa matamshi yao wenyewe, Chemirocha. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey, aliyetumia maisha yake kurekodi muziki wa Afrika, alifika eneo la Kericho. Huko Kapkatet alinasa wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha kwa kusindikizwa na ala ya nyuzi ya asili, bila yodeli wala gitaa. Kwa maelezo ya Tracey, waimbaji walimfikiria mwenye sauti ile ngeni kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Rodgers hakupata kujua habari hizo, kwani alikuwa amekufa miaka 17 kabla. Kanda za Tracey zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, nchini Afrika Kusini. Zaidi ya miongo sita baada ya kurekodiwa, nakala zake zilirudishwa Kericho na kusikilizwa na wazee wa jamii hiyo, wakiwemo waliokuwa vijana wakati sahani za mwimbaji huyo wa reli zilipokuwa zikizunguka kwenye santuri.